Fratera atafanya nini Ghana miaka miwili? Nilivyoishi mimi kwa Wadagaaba

Ndugu mleta uzi, umeeleza kwamba mdogo wako, fratera (yaani kijana anayesomea upadri) wa shirika moja la kimisionari, amepangiwa kwenda kaskazini mwa Ghana kwa miaka miwili kabla ya kuanza teolojia, kwamba mama yenu halali kwa wasiwasi, na kwamba wewe mwenyewe huelewi kijana wa miaka 25 atashinda akifanya nini huko, "au ni kuhubiri tu?" Njia hiyo niliipita kati ya mwaka 2016 na 2018, katika parokia ya vijijini ya Jimbo la Wa, mkoa wa Upper West, kwa Wadagaaba, kabila la huko. Sasa sipo tena shirikani, kwa sababu zisizohusiana na Ghana, na jina la shirika naomba nisilitaje.

Kuhubiri sikuhubiri. Kwa miezi sita ya kwanza sauti yangu kanisani ilisikika katika kuitikia "Amina" tu, kwa sababu kazi niliyopewa, na niliyoidharau mwanzoni, ilikuwa kujifunza Kidagaare. Kengele ya nyumba iligonga saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa kumi na mbili ikawa misa, kisha uji, kufagia, kulisha kuku, na ilipofika saa tatu nilikuwa nimeketi chini ya mwembe mbele ya katekista mstaafu ambaye hakuwa na kitabu wala ubao, bali wajukuu wanne walioruhusiwa kunicheka kila nilipokosea. Lugha ile ina toni, lakini hilo halikunitesa sana kwa kuwa mimi ni Msukuma na Kisukuma nacho kina toni zake. Kilichonitoa jasho ni ngeli. Kwetu ngeli hukaa mbele ya neno, mtu na watu, kiti na viti. Kwao kinachobadilika ni mkia wa neno, kwa hiyo nilikuwa nikisubiri mwanzo wa neno unipe habari ambayo ilikuja mwishoni, wakati msemaji ameshafika mbali. Neno la kwanza nililolipata bila jasho lilikuwa "barka", yaani asante, kwa sababu ni baraka ile ile tunayoijua.

Mkuu wa nyumba alikuwa padri Mkongomani wa Bukavu, na nilipomsikia siku ya kwanza akiongea Kiswahili kwenye simu nilidhani Mungu amenipa mtu wa kupiga naye soga. Siku ya tatu nilimwuliza kitu mezani kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kidagaare na kuendelea kula, nami nikabaki nimeshika kijiko. Ilikuwa hivyo wiki nzima, mpaka Jumapili baada ya chakula cha jioni, alipovuta kiti chake nje, akakohoa, akasema, "Sasa tuzungumuze." Tukazungumza mpaka saa tano usiku. Wa tatu wetu, padri kutoka India, alikuwa mpishi wa Jumamosi, na pilipili yake siwezi kuieleza hapa.

Mchana ulikuwa wa baiskeli. Ukifika kwenye boma la watu huanzi kusema shida yako. Unakaribishwa kiti, unaletewa maji yaliyokorogwa na unga wa uwele, unakunywa, unasalimiwa kwa zamu, habari za safari, za nyumbani, za kazi, ndipo unaulizwa kilichokuleta. Mara nyingi jibu langu la kweli lilikuwa kwamba hakuna kilichonileta, nimekuja kukaa, na nilichukua muda kutambua kwamba jibu hilo liliwapendeza kuliko mengine yote. Soko la kule huzunguka kila baada ya siku sita, hivyo likiwa Jumatatu, linalofuata huangukia Jumapili. Soko likiangukia Jumapili kanisa linapwaya, nasi baada ya misa tulienda sokoni kuwatafuta waumini wetu, tukawakuta kwenye vibuyu vya pito, pombe yao ya mtama, nao hawakuona haya hata kidogo.

Mzee mmoja alipenda kunikumbusha kwamba misheni ya Jirapa ilipofunguliwa mwaka 1929 na Padri Remigius McCoy, Mkanada wa shirika tunaloliita White Fathers, watu walikuja wachache, lakini mwaka 1932, wakati wa ukame, waliomba mvua misheni, mvua ikanyesha, na vijiji vikamiminika. Akimaliza alikuwa ananitazama na kuuliza, "Wale walituletea mvua. Wewe umetuletea nini?" Sikuwahi kuwa na jibu, naye hakulihitaji, maana aliuliza akicheka.

Lakini mahali nilipojifunza kazi hasa ni misibani. Mdagaaba aliyefariki huvalishwa nguo zake nzuri na kuketishwa juu ya ulingo wa miti mbele ya watu wote, marimba zikipigwa mchana na usiku, na wafiwa wa karibu hufungwa kamba mwilini, ncha yake ikishikwa na mtu mwingine, ili uchungu usiwafanye wakajidhuru. Waombolezaji hutupa sarafu na kauri, yale makombe madogo ya baharini. Nilipoziokota kauri hizo nilipata hisia ya ajabu, kwa kuwa katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walisafirisha shehena kubwa za kauri kutoka Zanzibar hadi Afrika Magharibi, na huenda zile nilizoshika zilitoka kwetu kabla yangu.

Katika msiba wangu wa tatu alitokea muuguzi wa kabila la Wafrafra. Akavaa kofia ya marehemu, akachechemea kama marehemu alivyokuwa akichechemea, akaanza kudai mbele ya maiti kwamba hazikwi mtu mpaka deni la kichwa cha mbwa lilipwe. Padri wetu Mhindi aliinamisha uso kwa aibu. Mimi nilicheka kwa sauti, nikaziba mdomo, nikajua nimeharibu, kumbe wazee wote wamegeuka kunitazama na wao wanacheka. Nilikuwa nimemtambua mtani! Niliwaeleza kwa Kidagaare changu kibovu kwamba sisi na Wanyamwezi tuna Wazaramo, na kwamba Mzaramo akija msibani kwetu hufanya vioja hivyo hivyo, na akikosekana msiba hupooza. Tangu siku ile waliacha kuniita mgeni, wakaniita Mfrafra wa Tanzania, na kila nilipopita sokoni kulikuwa na mtu wa kunidai kichwa cha mbwa. Mwezi uliofuata nilianza kufundisha watoto wa komunyo ya kwanza.

Magumu yapo na usimfiche mama. Kuanzia Desemba upepo wa harmattan huleta vumbi la jangwani, midomo hupasuka, na utajifunza kujipaka mafuta ya shea kama watu wote. Machi na Aprili joto hufika nyuzi 40, tulilala nje. Huo pia ni ukanda wa homa ya uti wa mgongo, kwa hiyo achanjwe mapema, pamoja na homa ya manjano ambayo bila kadi yake hapiti uwanja wa ndege. Posho ilichelewa mara mbili, na hakuna aliyetueleza kwa nini. Bibi yangu alifariki mwezi wa kumi na nne wa utume wangu, nikazikiwa bila kuwapo. Ghana iko nyuma yetu kwa saa tatu, na habari ilinifikia usiku wakati kwetu kumeshakucha na watu wameshaanza kukusanyika. Padri wa Bukavu alikaa nami nje mpaka alfajiri, na safari hiyo Kiswahili hakikusubiri Jumapili.

Kuhusu chakula, mama atulie. Wanakula ugali, wanauita tuo zaafi, mlaini kuliko wetu, na mboga yake kubwa ni ayoyo, ambayo ni mlenda, mlenda kabisa. Dagaa wapo pia, kwa hiyo asimfungie gunia. Badala ya dagaa mpe picha za familia zilizosafishwa kwenye karatasi, si za kwenye simu, angalau tatu: ya baba na mama, ya nyumba, na ya ng'ombe kama mnao. Katika kila boma atakaloingia ataulizwa yeye ni mtoto wa nani, na picha itazunguka mikononi mwa watu kumi kabla ya kumrudia. Yangu ya baba ilirudi nyumbani ikiwa na alama za vidole vyenye shea kwenye pembe zote nne.