Mkuu usifukie gia ya zamani kwenye mchanga, pima shafti mpaka shafti kwanza

Mkuu simama hapo hapo, usimpelekee huyo fundi hiyo gia. Kama umeshaipakia kwenye bodaboda mpigie dereva ageuze.

Umeandika kwamba gia kubwa ya mashine yako ya kukamulia miwa imekatika meno matatu, na kuna mtu wa kumimina vyuma kakwambia umpe hiyo hiyo, atajazia mapengo kwa bodi fila (ule udongo wa kuzibia mabonde kwenye bodi za magari), ataifukia mchangani na kukutolea nyingine kumi, moja ufunge wewe na tisa uwauzie wenye mashine kama yako. Unauliza utumie kasti (chuma cha kumimina) gani, meno yatoke na mchanga au yachongwe, grisi gani, na uziuze bei gani. Mimi nimesoma nikasikia tumbo linakata, maana hayo maneno ya "niletee hiyo hiyo" niliambiwa mimi mwaka 2019, neno kwa neno, na yalinila mtaji wote wa msimu.

Gia ya zamani SIO pateni, yaani kile kiolezo kinachofukiwa mchangani ili chuma kimiminwe kwenye umbo lake. Hilo ndilo nataka uondoke nalo hapa hata kama mengine yote utayasahau.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Mashine yangu ni ya rola tatu, injini ya dizeli ya HP 12 inashusha mwendo kwa belti na hatua mbili za gia mpaka rola zinazunguka kama raundi 12 kwa dakika. Gia kubwa ya mwisho ina meno 60, pinioni yake, ile gia ndogo inayoisukuma, meno 15, upana wa jino milimita 80. Gia ilikuwa imelika, na meno mawili yalishaondoka. Jamaa akaipima kwa macho tu, akaigonga na nyundo, akasema hii kasti ya kawaida, kesho kutwa njoo na hela. Nikalipia kumi kwa mkupuo kwa sababu nami niliona biashara hapo, kila mwenye mashine bondeni Kilombero alikuwa analia na gia. Milioni mbili na laki nne, hapo sijataja usafiri wala kukereza tundu la shafti.

Sasa sikiliza makosa yaliyokuwa ndani ya ile "kazi ndogo tu".

La kwanza, chuma kikiganda kinasinyaa. Kasti ya kijivu inasinyaa karibu asilimia 1, yaani milimita 10 kwa kila mita. Ndio maana watengeneza pateni wa kweli wana rula yao maalumu ambayo alama zake zimetanuliwa tayari kufidia hiyo. Gia yangu duara lake la kazi, yaani pale meno yanapokutania, ni milimita 480. Ukiifukia yenyewe mchangani, kinachotoka ni 475. Lakini shafti zako hazijasogea, fremu ni ile ile, kwa hiyo gia mpya inakaa mbali na pinioni kwa zaidi ya milimita 2, meno yanashikana kwenye ncha badala ya kuingiana vizuri. Na jino likisukumwa nchani ni sawa na kukunja mti kwa kushika juu kabisa, shina ndilo linaumia. Halafu nafasi toka jino mpaka jino nayo imepungua, ilitakiwa 25.13 ikawa 24.88. Robo milimita, nani anaiona kwa macho? Ila pinioni inaiona, kwa sababu badala ya meno mawili kugawana mzigo pale yanapopokezana, linabebeshwa moja.

La pili ndilo lililoniuma zaidi nilipolielewa. Gia iliyolika ina meno membamba, na ukiikopi unakopi na ule uchakavu. Jino langu lilipokuwa jipya lilikuwa na unene wa milimita 12.5 na kidogo, ile iliyofukiwa lilibaki na 10. Utasema milimita mbili na nusu si kitu. Mkuu, uwezo wa jino kuhimili kukunjwa unakwenda kwa mraba wa unene wake. Chukua 10 gawa kwa 12.57, zidisha kwa yenyewe, unapata 0.63. Yaani gia MPYA kabisa, bado ina mchanga wa kalibu kwenye kona, ilishapoteza zaidi ya theluthi ya nguvu kabla haijaona muwa hata mmoja. Nililipa hela nzuri ninunue gia mpya iliyozeeka.

La tatu, ile gia ya zamani haikuwa kasti ya kijivu. Hili yule fundi alinidanganya au alijidanganya, sijui, ila kauli yake "chuma ni chuma" nikiisikia popote mpaka leo damu inachemka. Chuma sio chuma! Kasti ya kijivu grafaiti yake, yaani kaboni iliyo ndani ya chuma, imekaa kama maganda membamba, na kila ncha ya ganda ni mwanzo wa ufa, ndio maana ukiikandamiza inavumilia mno lakini ukiivuta au kuikunja inakatika bila kuaga. Kasti ya daktaili inatiwa magnesiamu kidogo ikiwa uji, muda mfupi kabla ya kumimina, na ile grafaiti inajikusanya kuwa vidonge vya duara, hapo ufa unakosa pa kuanzia. Kwa macho zinafanana, kazini ni mbingu na ardhi. Namna ya kujua hata ukiwa kijijini: ining'inize kwa kamba ugonge na nyundo ndogo, ya kijivu inatoa sauti nzito iliyokufa, daktaili inalia karibu na chuma cha kawaida. Toboa kidogo sehemu isiyo na kazi, ya kijivu inatoa unga na chembe, chuma cha kawaida kinatoa nyuzi za kujikunja. Tazama na pale jino lilipokatikia, ya kijivu ni kijivu cheusi, daktaili inang'aa zaidi. Dakika kumi tu. Yule bwana hakufanya hata moja na alikuwa na nyundo mkononi.

Watu wanadanganywa na HP. Wanasema injini HP 12 tu, na rola zinakwenda polepole, kwa hiyo gia haina kazi kubwa. Ni kinyume! Nguvu ile ile ya injini ukiipunguzia mwendo ndivyo msukumo unavyokua. Chukua kilowati 5 tu zinazofika kwenye gia ya mwisho, raundi 12 kwa dakika, radiasi milimita 240, piga hesabu: ni niutoni elfu 16 na mia tano, karibu tani moja na nukta saba, zimekaa kwenye jino. Hiyo ni miwa ikiingia kistaarabu. Mtoto akisukumia mzigo wa miwa kumi kwa pamoja, au kumenasa jiwe, usiulize.

Sasa linganisha na uwezo. Kuna fomula ya Mmarekani mmoja Wilfred Lewis ya mwaka 1892, mpaka leo ndio mlango wa kuingilia hesabu za meno. Unazidisha stresi inayoruhusiwa kwa chuma chako (mzigo kwa kila milimita ya mraba), mara upana wa jino, mara moduli (kipenyo cha duara la kazi gawa kwa idadi ya meno, kwangu 8), mara namba ya umbo la jino inayotokana na idadi ya meno. Kasti ya kijivu ya kawaida vitabu vinaipa niutoni 56 kwa milimita ya mraba. Basi 56 mara 80 mara 8 mara 0.42, unapata niutoni elfu 15, tani moja na nusu. Umeona? Hata jino jipya lenye unene kamili halifiki mzigo. Lile langu jembamba ukilipunguza kwa ile 0.63 halifiki hata tani moja. Hiyo 56 ina akiba ndani yake ndio maana halikukatika siku ile ile, lakini kila mzunguko ulikuwa unafungua ufa shinani kidogo kidogo.

Niliuza nne, moja nikafunga kwangu. Ya kwanza ilikatika wiki ya tatu. Sio kwangu, kwa mzee mmoja mteja wangu, na alikuwa ameshakata miwa ya karibu ekari nzima kwa ajili ya sukari guru. Mwenye kujua miwa anajua, ukishaukata hausubiri, siku zikipita juani juisi inaanza kuchacha na sukari haishikani sufuriani, inabaki kama uji wa kunata. Nilikwenda kwake na pikipiki usiku nikiwa na gia nyingine ile ile ya kundi moja, nikafunga kwa tochi ya simu, ikakata meno siku ya pili saa nne asubuhi. Mzee hakunitukana. Alikaa kwenye lundo la miwa yake akaniambia "kijana wangu, mimi nilikuamini wewe, sikukiamini chuma." Niliwarudishia wote wanne hela zao, na huyo mzee nikamlipia na miwa. Fundi wa kumimina nilipomfuata akasema mashine zetu ndio mbovu.

Na huyo huyo kuna gia mbili zilitoka ngumu ajabu, fundi wa kukereza alipoingiza kisu kikasaga moto, faili linateleza kama unasugua kioo. Nikaambiwa hiyo ni sifa, meno magumu hayaliki. Uongo. Hiyo ni kasti nyeupe, imetokea kwa sababu sehemu nyembamba zimepoa haraka mno wakati wa kuganda. Ngumu ndiyo, ila ukiiangusha sakafuni inapasuka kama sahani. Ukiona hivyo usipokee.

Sasa fanya hivi, na nakuomba kwa dhati fuata mpangilio huu. Acha kupima gia iliyokufa. Pima umbali wa shafti mpaka shafti, katikati kwa katikati, pima pande zote mbili za fremu, na kama beringi zimelika badilisha kwanza ndio upime. Hesabu meno ya gia na ya pinioni. Umbali zidisha kwa mbili, gawa kwa jumla ya meno, hiyo ndiyo moduli yako. Kwangu ilikuwa 300 mara mbili gawa kwa 75, jibu 8 kamili. Fremu haisinyai na haiwezi kukudanganya kama gia iliyolika. Ukipata namba ya ajabu kama 8.47 usilazimishe iwe 8 au 8.5, mashine yako itakuwa ya vipimo vya inchi vya Kiingereza, wao wanahesabu meno kwa inchi ya kipenyo, na hiyo ni namba 3 yao, 25.4 gawa kwa 3. Nimeona mtu kalazimisha 8, gia ikawa inaelea.

Ukishapata moduli ndio unachora gia upya, na kwenye mchoro huo ndio pateni ya mbao inatoka, imeongezwa ile asilimia ya kusinyaa pamoja na milimita 3 hivi za kukereza kila upande unaokerezwa. Kuhusu meno, mwambie amimine sahani tupu bila meno, meno yakachongwe kwenye milingi. Yanayotoka na mchanga yanafaa kwa mashine ya mkono au ya ng'ombe, kwa injini hapana. Mchongaji umsisitizie shina la jino liwe na mviringo, lisiwe kona kali. Unene wa rimu, lile duara la nje linalobeba meno, usipungue urefu wa jino lenyewe, kwa moduli 8 ni milimita 18, mimi naweka 22. Kipenyo cha habu ya katikati kiwe karibu mara mbili ya shafti, na kii (kile kipande cha chuma kinachofungia gia kwenye shafti) isigongwe kwa nyundo kubwa kama unapigilia nguzo, kasti ikitanuliwa kutoka ndani inapasuka, moja ya zile kumi ilipasuka hivyo hivyo mikononi mwangu. Mikono ya gia, ile inayounganisha habu na rimu, ukiweza ichore ya kupinda kidogo, sio iliyonyooka, kwa sababu rimu na habu hazipoi kwa pamoja na mkono uliopinda unapata pa kunyumbulika.

Chuma cha kutumia wewe ni daktaili. Kama huyo wa kumimina hana magnesiamu wala hajui unaongelea nini, tafuta mwingine hata kama ni Arusha, hata kama inakula wiki mbili. Kasti ya kijivu siikatai, ni chuma kizuri sana, haina makelele, inateleza yenyewe kwa ile grafaiti, vyerehani vya mama zetu vimetengenezwa nayo na vimedumu miaka na miaka. Ila uipe jino kubwa na upana wa kutosha tangu kwenye mchoro, usiitupie kazi iliyochorwa kwa ajili ya chuma kingine halafu useme kasti mbovu.

Gia niliyofunga baada ya hapo, ya daktaili, moduli 8, meno yamechongwa, ipo mpaka leo. Ile ya zamani iliyofukiwa mchangani nimeitundika mlangoni karakana, na kila mteja akija na gia iliyokatika mkononi ananikuta tayari nimeshika futi, namuuliza mashine iko wapi twende tukapime fremu.

Kwa hiyo leo jioni kabla ya giza pima shafti mpaka shafti, hesabu meno, niandikie hapa namba tatu tu. Nakupigia hesabu usiku huu huu. Na ile simu ya bodaboda umeshapiga?