Jibu: Mapigano ya Mwaka Kogwa tuyaiteje kwa Kiingereza?

Assalaam alaykum ndugu yangu. Umeuliza ukiwatembeza wageni Makunduchi, Unguja, kwenye Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya, uwaambie kule kupigana kwa migomba ni "quarrel" au "fight". "Quarrel" usiitumie kabisa: huo ni ugomvi wa maneno wa watu waliokasirikiana, si lazima mkono unyanyuke. "Fight" ni kupigana kweli, lakini ukiisema peke yake mgeni atadhani Kusini na Kaskazini wana uhasama. Sema "mock fight", yaani pigano la kuigiza, kisha mueleze kuwa wanaume wa pande mbili za mji wanatoleana vinyongo vya mwaka mzima ili wauanze mwaka mpya roho safi. Hapo usipite haraka, ndipo penye utamu wa mila yetu.

"Brawl" nayo iepuke, ni fujo za ovyo za kundi, aghalabu za walevi. Kuwaita wazee wetu hivyo ni kuwavunjia heshima. "Argument" ni mabishano tu, kama ya barazani siku ya Simba na Yanga. "Feud" ni uadui wa miaka. Na "row" ya magazeti ya Uingereza, ikiwa na maana ya ugomvi, hutamkwa "rau", si "rou".