Muulize Shangazi: Siku 10 bila kusema neno

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni muuguzi wa zamu za usiku, niko Tanga. Nimechoka hadi mifupa. Rafiki kaniambia kuna kambi ya kutafakari, Vipassana, siku 10 bila simu wala maongezi, tena bure. Niende nikapumzike?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole na zamu. Hiyo aliyoieneza mwalimu wa kutafakari S. N. Goenka nimeihudhuria mwenyewe, Igatpuri, India. Nikuambie mapema: usingizi hutaupata huko. Kengele inalia saa 10 alfajiri, na siku nzima mnakaa macho mmefumba, kwa jumla kama saa 10. Mlo wa mwisho ni saa 5 asubuhi. Jioni anayekuja mara ya kwanza hupewa chai na tunda. Siku ya tatu ndizi yangu niliimenya taratibu, isije ikaisha.

Kimya wala hakikunisumbua. Ni magoti! Nikaomba kiti, nikapewa. Halafu deni la kikoba, la miaka miwili nyuma, likanijia kila nikifumba macho.

Bure ni kweli, unachangia mwishoni ukipenda. Fomu itakuuliza habari za afya, usifiche kitu.

Ila wewe una deni la usingizi. Likizo hii panda Lushoto, ulale kwenye nyumba ya wageni ya masista, ule, ulale tena. Ya kengele iache mpaka mwakani. Na chukua sweta, Lushoto si Tanga.