Ofisini Asubuhi, Darasani Jioni: Maswali Yenu ya MBA

Tangu niseme hapa kwamba MBA yangu (shahada ya uzamili ya biashara) niliisoma jioni nikiwa meneja wa ghala, simu haipumziki. Nimechagua maswali manane. Yote yanayouliza ada ni shilingi ngapi nimeyaruka. Vyuo vina tovuti, fungueni.

SWALI: MBA ina faida gani kwa mtu aliyeajiriwa? (Mmeuliza wengi.)

JIBU: Umeajiriwa kufanya nini? Hamsemi. Safari ijayo andikeni kazi yenu, miaka mliyokaa nayo na mahali panapowakwamisha, vinginevyo nitawajibu kama kipeperushi cha chuo.

Basi niseme yangu. Kampuni yetu ilikuwa inauza bidhaa za madukani kwa jumla. Mauzo yanapanda kila mwezi, na kila mwezi mhasibu analia hana hela ya kulipa. Mimi wa ghala nilishakata shauri moyoni: kuna mtu anaiba. Jioni moja mwalimu wa fedha akachora mstari ubaoni. Mzigo unakaa ghalani siku 20. Ukishauza, mwenye duka anakulipa baada ya siku 60. Aliyekuuzia wewe anataka chake siku ya 30. Hesabu: siku 50 hela yako iko nje, na pengo hilo unaliziba kwa mkopo wa benki wenye riba. Na kadiri unavyouza zaidi kwa masharti hayo hayo, ndivyo unavyohitaji kukopa zaidi.

Kesho yake niliujaza mstari ule kwa namba zetu. Mwizi hakuwepo. Walikuwepo wateja watatu wakubwa tuliowabembeleza kwa siku 90, na meneja mauzo aliyekuwa akipewa bonasi kwa kila katoni iliyotoka, iwe imelipwa au haijalipwa. Ada yangu yote ilirudi jioni ile, ingawa cheo kilikuja miaka miwili baadaye.

SWALI: Nina miaka tisa benki, kitengo cha mikopo. Niache kazi nisome muda wote nimalize haraka, au nisome jioni? (Mwanza)

JIBU: Usiache kazi. Chukua kalamu. Tuseme unapata 1,800,000 kwa mwezi na kozi ni miezi 18. Ukiacha kazi umeshapoteza 32,400,000 kabla hujalipa ada, na ukirudi utakuta kiti chako kina mtu. Watu wengi huhesabu ada tu, mshahara wanausahau, halafu wanashangaa mbona MBA haikulipa.

Kuna sababu kubwa kuliko hela. Ukisoma ukiwa kazini, unachofundishwa Jumanne unakijaribu Jumatano. Na walio karibu nawe darasani nao wanatoka kazini. Nilikaa miezi mingi pembeni ya wakala wa forodha mmoja, mtu wa makamo, anafika amechelewa na jasho la bandarini bado mwilini. Mwalimu akieleza mnyororo wa ugavi kwa slaidi, yeye anafungua faili lake anatuonyesha kontena moja lililokwama kwa karatasi yenye kosa la namba moja, na storeji na demareji, yaani tozo za mzigo kukaa bandarini na za kuchelewesha kontena, zinavyopanda siku hadi siku. Mwalimu mwenyewe alikuwa ananakili.

Wala usidhani masomo ya jioni ni ya daraja la pili. Chuo Kikuu cha Chicago kilianzisha MBA ya mameneja walio kazini mwaka 1943. Kwa Mwanza una SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, hapo hapo, na Chuo Kikuu Huria kina vituo vya mikoa. Ila nakuonya: Huria si rahisi. Hakuna mtu wa kukufukuza ukasome. Nawajua walioingia kwa mbwembwe na sasa ni mwaka wa tano, bado "wanamalizia".

Na kabla hujasaini chochote, muulize mwajiri kama ana bajeti ya mafunzo. Mabenki mengi wanayo, na haiombwi kwa sababu watu wanaona aibu.

SWALI: Nimehitimu digrii Julai hii. Nataka niunganishe MBA moja kwa moja. (Morogoro)

JIBU: Hapana, mwanangu. Kafanye kazi kwanza, hata ya kuuza vocha.

SWALI: Mimi ni mtumishi wa umma. Nikimaliza MBA mshahara utapanda? (Dodoma, Tabora, Lindi, na wengine ambao hamkutaja mlipo)

JIBU: Hili nimelijibu mara tatu mwaka huu. Mshahara wa serikali unafuata daraja na muundo wa utumishi wa kada yako. Haufuati idadi ya majoho uliyovaa. Nenda kwa ofisa utumishi, omba kuusoma muundo wenu, uone kama shahada ya uzamili ya biashara inatajwa popote. Kama haitajwi, soma kwa faida ya kichwa chako au soma kingine. Na omba ruhusa ya mwajiri kwa maandishi kabla hujaanza. Wapo waliomaliza ndipo wakaanza kuhangaika cheti kiingizwe kwenye jalada.

SWALI: Mimi mhasibu. MBA au CPA? (Arusha)

JIBU: Unataka kusaini hesabu za watu? CPA, ile sifa ya kitaaluma ya uhasibu, kupitia NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, na MBA haitakusaidia hapo. Unataka siku moja uwaongoze wanaosaini? Maliza CPA, ndipo uje huku.

SWALI: Naomba unielekeze kwa mtu anayeandika tasnifu kwa bei nzuri. Nipo bize sana kazini. (Dar es Salaam)

JIBU: Angalau umekuwa mkweli. Matangazo yako kila kona karibu na vyuo: tasnifu, uchambuzi wa data, wiki mbili. Siku hizi wengine hata hawamtafuti mtu, wanaiachia kompyuta iwaandikie, kisha wanabadilisha jina la mkoa.

Nikuhadithie. Niliwahi kukaa kwenye jopo la usaili wa nafasi ya umeneja. Akaingia bwana mmoja, suti safi, MBA yenye alama nzuri. Mwenzangu akamwuliza swali la kumpa nafasi ya kujimwaga: tasnifu yako uligundua nini? Akasema ilihusu "mambo ya kuridhika kwa wateja". Uliwahoji wateja wangapi? Akatazama dari. Feni ilikuwa inazunguka polepole, nayo akaisindikiza kwa macho mizunguko kama minne. Hakuna aliyemfokea. Tulimshukuru, akatoka, tukamwita anayefuata.

Najua utasema fulani alinunua na leo ni mkurugenzi. Mwaka 2017, uhakiki wa vyeti serikalini uliwaondoa watumishi zaidi ya 9,900 waliokutwa na vyeti vya kughushi, na kati yao walikuwamo waliofanya kazi miaka mingi wakiamini mambo yamepita. Tasnifu ya kununua si cheti cha kughushi, utaniambia. Haya. Lakini tasnifu ndiyo kazi pekee ndani ya MBA utakayoifanya peke yako, kuanzia swali hadi jibu. Chukua tatizo la ofisini kwako, mikopo chechefu (isiyorejeshwa), wafanyakazi wanaoacha kazi, lolote, uliandikie hilo. Data unazo mezani tayari, ombea kibali tu. Ukishindwa hata hivyo, acha kozi, hela zako peleka saccos.

SWALI: Nipo Muscat. Kuna chuo cha mtandaoni kinatoa MBA kwa miezi sita, hakidai mtihani. Nikirudi nyumbani itatambulika?

JIBU: Usilipe hata senti kabla hujauliza Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Ndiyo inayotambua shahada za nje, na maombi hufanyika kwa mtandao, hivyo Muscat si mbali. Miezi sita bila mtihani, dada yangu? Hata leseni ya udereva wana mtihani.

SWALI: Mume wangu anasoma MBA ya jioni. Anarudi saa nne usiku, Jumamosi ana "majadiliano ya kundi". Mimi na watoto tumebaki na picha yake ukutani. Hii MBA ina faida gani kwangu?

JIBU: Shemeji, hili ndilo swali ambalo vyuo havilijibu. Mke wangu aliniuliza muhula wa pili, na nilijibu vibaya: nilisema "nafanya kwa ajili yenu". Alinyanyuka akaenda kulala.

Makundi ya majadiliano ni ya kweli, na bila hayo hafaulu. Lakini vipindi vya jioni vingi huisha saa mbili, na foleni ya saa mbili si ile ya saa kumi na moja. Chuo hutoa ratiba ya muhula mzima, vipindi na mitihani. Mwambie aichapishe aibandike kwenye friji, na kundi nalo liandike siku zake humo humo. Jioni iliyomo kwenye karatasi, mwachie chakula kwenye hotpoti. Jioni ambayo haimo, mpigie.