Maswali ya wasomaji: Darasani naelewa, nikipewa swali niandike mwenyewe nakwama

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nipo mwaka wa kwanza diploma ya IT hapa Mbeya, geto langu lipo Iyunga. Somo la kuandika programu linanitesa kweli, tunasoma lugha ya C. Mwalimu akielezea ubaoni naelewa kila kitu, ila nikipewa swali niandike mwenyewe hata mstari wa kwanza sijui uanzie wapi. Wenzangu wanadesa majibu kwenye grupu la WhatsApp na maksi wanapata, mi tesiti ya kwanza nimepata 9 kwenye 30 na laptopu sina. Rafiki yangu yupo chuo Iringa wao wanasoma Python anasema rahisi tu. Naogopa sapu (kurudia mtihani), au nihamie uhasibu mapema?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usihame kwanza, hicho kitu wanaoanza wengi sana kinawakuta. Kuelewa programu ya mtu mwingine na kuandika ya kwako ni kazi mbili tofauti kabisa, darasani mmezoeshwa ile ya kwanza halafu tesiti inakuja na ya pili. Katikati hapo kuna hatua wengi wanairuka, nayo ni kuifuata programu kwa mkono, mstari kwa mstari, unaandika kila kigeu (jina linalobeba thamani, kama i na jumla hapo chini) saa hiyo kina thamani gani. Hapo laptopu haihitajiki, daftari na peni tu. Chukua hii:

jumla = 0;
for (i = 1; i <= 4; i++)
    jumla = jumla + i;

Chora safu mbili, moja ya i nyingine ya jumla. i ikiwa 1 jumla inakuwa 1, i ikiwa 2 jumla inakuwa 3, halafu 6, halafu 10, kisha i inafika 5, kompyuta inaangalia kama 5 ni ndogo au sawa na 4, siyo, basi inatoka kwenye lupu, yaani ile sehemu inayojirudia. Sasa ile <= ifanye < peke yake urudie, utaona jumla inaishia 6. Alama moja tu hiyo! Pitia hivi mifano yote ya kwenye desa (notisi) la mwalimu, usiende mbele mpaka jibu lako la daftarini lifanane na la kompyuta.

Ukija kuandika ya kwako anza kwa Kiswahili. Swali likisema tafuta wastani wa maksi mbili, andika: soma ya kwanza, soma ya pili, jumlisha, gawa kwa 2, onyesha jibu. Mstari wa kwanza si huo umeupata, unabaki kuugeuza kuwa C. Ila hapo C ina mitego yake na ni vizuri uijue mapema. Ukiwa na 58 na 61 wastani ni 59.5, lakini kama zote umezitangaza int (namba nzima) na ukagawa kwa 2, C itakupa 59, namba nzima ukigawa kwa namba nzima desimali inatupwa. Gawa kwa 2.0, jibu liweke kwenye float au double (aina za namba zenye desimali) na ulionyeshe kwa %f siyo %d. Nyingine ni if (maksi = 40), hiyo hailinganishi, inaiwekea maksi 40 na sharti linakuwa kweli muda wote, kulinganisha ni ==. Na kwenye scanf, amri ya kusoma namba unayoingiza, usisahau ile & kabla ya jina la kigeu, scanf inahitaji kujua namba ikaiweke wapi.

Kompaila (programu inayogeuza C yako iwe kitu kompyuta inaweza kukiendesha) ikikuletea makosa kibao usipaniki, rekebisha la juu kabisa halafu ikompaili upya, mara nyingi mengine yanapotea yenyewe kwa sababu yalizaliwa na lile moja. Na ikisema kosa lipo mstari wa 12, angalia na wa 11, huenda huko ndo umesahau nukta mkato.

Kuhusu Python, rafiki yako hajakudanganya. C aliitengeneza Dennis Ritchie kule Bell Labs Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, kazi yake kubwa ilikuwa kuandikia mfumo endeshi wa kompyuta wa UNIX, kwa hiyo inakuachia mambo mengi uyasimamie mwenyewe. Python ya Guido van Rossum ilitoka 1991 na yenyewe ilitakiwa isomeke kirahisi. Lakini lupu ni lupu, if ni if, ukiijua moja vizuri ya pili haikusumbui sana, na Python nayo ina ya kwake, mfano input() inakupa maandishi siyo namba, ukijumlisha 5 na 3 ulizoziingiza hivyo unapata 53.

Laptopu: kama simu yako ni Android kuna app ya Cxxdroid kwa C, na Pydroid 3 kwa Python, ukishaziweka zinafanya kazi bila bando. Kuandika kwenye kioo kidogo kunachosha kwa hiyo malizia daftarini kwanza, kwenye simu uende kujaribu tu, na labu ya chuo ikiwa wazi nenda kila siku.

Hilo la kudesa linaniuma kwa kweli, maana hao wenzako chumba cha mtihani wataingia bila grupu. Hata ChatGPT usiiombe jibu, bandika programu yako uiulize kwa nini mstari fulani unakataa. Uhasibu kama unaupenda toka moyoni sawa, ila kwa tesiti moja tu mi naona bado mapema mno.

SWALI: Habari mwalimu, nimemaliza form six HGL (historia, jiografia na Kiingereza) nipo Makambako, hesabu sijawahi kuiweza. Programu ntaiweza?

JIBU: Salama kaka. Kwa kozi ya mwanzo hesabu nyingi ni kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawa, kulinganisha na kile kinachobaki ukigawa, alama yake %, ndo hiyo inakuambia namba ni shufwa au witiri. Hesabu ngumu zaidi zinakuja mbele. Kabla ya kuomba chuo soma vizuri sifa za kujiunga, kozi nyingine za kompyuta zinataka ufaulu wa hesabu wa form four, na kama hauna uliza chuo wenyewe kabla hujalipa hela ya fomu.