Bata mzinga bado jiwe, na maswali mengine ya Novemba

Novemba ikiingia barua zenu hubadilika. Za Septemba zilikuwa za mabasi ya shule na mafua; sasa ni maboga, majani makavu na yule bata mzinga. Kwa mnaosoma kutoka mbali: Siku ya Shukrani, ambayo watoto wetu wa huku wanaijua kwa jina la Thanksgiving, Marekani huangukia Alhamisi ya nne ya Novemba, na bata mzinga ndiye nyama ya mezani siku hiyo. Ndugu zetu wa Kanada huwa wameshamaliza yao, Jumatatu ya pili ya Oktoba. Mliouliza kuhusu bei za kutupa za Ijumaa inayofuata, mnisamehe. Siku hiyo mimi hulala.

Dada, mwaka huu ni zamu yetu kualika watu. Bata mzinga wa ratili 16 yuko kwenye friza. Nimtoe lini? (Baba mpishi, Dallas)

Jumamosi usiku, kaka, au Jumapili alfajiri ukichelewa sana. Mtoe friza umtie kwenye friji, ndani ya sinia, asije akadondoshea mboga zako maji yake. Hesabu ni siku nzima kwa kila ratili nne au tano, kwa hiyo huyo wako anataka siku nne.

Hesabu hiyo niliijua kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza Minnesota nilimtoa Jumatano jioni, kama ninavyomtoa kuku. Alhamisi saa tatu asubuhi mwanangu alimgonga mgongoni akasema "hodi", na kweli aliitika kama mlango. Wageni walikuwa kumi na mmoja. Tulikula makande na samaki wa kukaanga, na bata mzinga tukamla Jumamosi. Tangu hapo kila mwaka kuna mtu anayeuliza makande yako wapi.

Ukijisahau kama mimi, mzamishe kwenye maji baridi akiwa bado kwenye mfuko wake usiopitisha maji, ubadilishe maji kila nusu saa. Kila ratili ni dakika 30. Ratili 16 ni saa nane, basi uamke mapema. Usimwache juu ya meza alale hapo.

Sasa neno litakaloniletea ugomvi: usimwoshe. Najua, mama zetu wametufundisha limau, chumvi na maji mengi. Lakini Idara ya Kilimo ya Marekani inashauri tusimwoshe, kwa sababu maji yanayoruka yanatawanya vijidudu kwenye sinki, kwenye bakuli la kachumbari na kwenye mikono ya mtoto anayechungulia. Mpake limau, tangawizi, kitunguu saumu na binzari akiwa ndani ya sinia, bomba lifungwe. Oveni iwe nyuzi 325 za Farenhaiti, na bila kujazwa kitu tumboni atachukua kama saa nne. Rangi isikudanganye. Chomeka kipimajoto kwenye paja palipo nono, kisiguse mfupa, halafu kifuani: kote kisome 165. Yakibaki, yaingie friji kabla ya saa mbili kupita, yaishe ndani ya siku nne. Kwangu huwa pilau ya Ijumaa, na nikuambie siri, ni tamu kuliko karamu yenyewe.

Shikamoo Shangazi. Mwalimu wa mwanangu wa darasa la kwanza anataka watoto waje wamevaa manyoya kichwani, wawe "Wahindi" wa Siku ya Shukrani, yaani wenyeji wa Amerika walivyozoea kuitwa. Roho yangu inasita. (Mama wa watoto watatu, Columbus, Ohio)

Marahaba mwanangu. Roho yako haijakosea. Vilemba vile vya manyoya marefu ni vya mataifa ya nyanda za kati, kama Walakota, na mtu huvivaa kwa heshima aliyoipata kwa watu wake. Waliokula na Waingereza mwaka 1621 ni Wawampanoag, watu wa pwani ya mashariki, Massachusetts ya leo. Ni kama mtu amfunge mtoto shuka la Kimasai aseme leo tunaigiza Wapemba.

Mwandikie mwalimu kwa upole, umpe na la kufanya badala yake: watoto walete punje za mahindi za rangi mbalimbali wazipange, au wachore nyumba ya Wawampanoag. Nyumba hiyo, ya miti iliyokunjwa na kufunikwa magome au mikeka, kwa lugha yao inaitwa *wetu*. Nilipolisoma neno hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu.

Nyumbani msimulie kisa chenyewe. Mwaka 1620 jahazi la Mayflower lilileta abiria 102, na kabla baridi haijaisha karibu nusu yao walikuwa wamekufa. Aliyewafundisha kupanda mahindi anaitwa Tisquantum. Huyu mwaka 1614 alitekwa na nahodha Mwingereza akapelekwa Hispania kuuzwa, akapenya hadi Uingereza, na aliporudi kwao mwaka 1619 alikuta kijiji chake cha Patuxet kitupu. Maradhi yalikuwa yamewamaliza watu. Walowezi walijenga hapohapo, wakapaita Plymouth. Vuli ya 1621, baada ya mavuno, mkuu wa Wawampanoag, Massasoit, alifika na wanaume kama 90, wakala pamoja siku tatu. Wawampanoag nao walileta nyama: paa watano. Tunayajua haya kwa barua ya mlowezi mmoja, Edward Winslow. Barua inataja ndege wa kuwindwa, lakini bata mzinga hamtaji.

Kwa mtoto wa miaka sita ishia mezani. Wa miaka kumi na miwili aendelezewe: mwaka 1675 vita vilizuka kati ya walowezi na Wawampanoag, wakiongozwa na Metacom, mwana wa Massasoit yuleyule. Na tangu mwaka 1970 wapo wenyeji wanaokutana Plymouth siku hiyohiyo ya Alhamisi, kwa maombolezo. Wawampanoag hawajaisha; usimfundishe mtoto kuwataja kama watu wa hadithi.

Jambo mama. Shuleni wameambia kila mtoto alete chakula cha kwao chenye uhusiano na Siku ya Shukrani. Sisi ni Wakongo wa Bukavu. Tunahusiana na nini? (Baba, Louisville)

Jambo baba. Mnahusiana kuliko mnavyodhani. Kaa na mwanao mezani, mtaje mnavyokula wiki nzima, kisha mweke alama kwenye vilivyotoka bara la Amerika. Ugali wa mahindi: umo. Sombe, yale majani ya mhogo: umo, maana mhogo ni wa huko. Maharage, karanga, viazi vitamu, nyanya, pilipili, maboga: vyote vimo. Vilivuka bahari baada ya safari za Columbus, Wareno wakiwa mbele katika kuvileta Afrika, vikaingia mashambani mwetu hadi tukasahau vilikuwa wageni. Sisi wa pwani tukayaita mahindi, kana kwamba kwao ni India! Kwao ni Meksiko, ambako watu waliyalea kwa maelfu ya miaka kutoka nyasi za porini.

Mataifa mengi ya wenyeji wa Amerika hupanda mahindi, maharage na maboga katika tuta moja, na Wahaudenosaunee huviita Dada Watatu. Mahindi ni nguzo, maharage yanapanda juu yake huku yakirutubisha udongo, na majani mapana ya boga yanafunika ardhi, magugu yakose jua na unyevu usikimbie. Bibi yangu wa Muheza alilima hivyohivyo, wala hakuwa na jina la kulipa.

Kwa hiyo mpeleke na sufuria ya mahindi na maharage, yale tunayoyaita makande na Wakenya githeri. Wenyeji wa kaskazini mashariki ya Marekani wana chakula cha namna hiyo, mahindi na maharage pamoja, na jina lake la leo, sukotashi, limetokana na neno la Wanarragansett, majirani wa Wawampanoag. Mwanao akisimama aeleze hilo, darasa zima litanyamaza. Karanga tu msitie. Shule nyingi zinakataza kwa ajili ya watoto wanaodhurika nazo.

Mwanangu, baada ya Halloween, ile siku ya Oktoba ya kuchonga maboga nyuso, tumebaki na maboga matatu mlangoni. Naona dhambi kuyatupa. Yanapikika? (Bibi anayelea wajukuu, Seattle)

Shikamoo bibi. Lililochongwa uso, hapana. Limelala nje limekatwa, ukungu umeshaingia, lizike bustanini. La kupakwa rangi, vilevile hapana. Lililo zima linapikika, ila yale makubwa ya kuchonga yana maji na nyuzi, hayana utamu. Nunua yale madogo ya duara wanayotengenezea pai, au lile la ganda la kijani lenye nyama kavu, kabocha. Hilo ndilo linalokaribia letu.

Mengine unayajua kunishinda: vipande vikubwa, tui jepesi kwanza, sukari kidogo, iliki, chumvi ya kudokoa, kisha tui zito mwishoni moto ukiwa mdogo. Wajukuu waachie mbegu. Kabla ya kuosha kila mmoja akisie ziko ngapi, ziandikwe, ndipo zihesabiwe kwa makundi ya kumi. Wangu mdogo alikisia 50. Tulipofika 400 alikuwa amelala. Zioshwe, zikauke, zichomwe na chumvi.

Vile viboga vidogo vya mapambo, vyenye vinundu na mistari, usivipike. Na boga lolote likiwa chungu ulimini, tema, umwage sufuria nzima. Uchungu huo ni sumu.

Asalaam aleikum dada. Watoto wanataka nasi tukae mezani Alhamisi hiyo. Ni sikukuu ya Kikristo? (Mama wa Mombasa, sasa Minnesota)

Waaleikum salaam. Mimi si shekhe. Hukumu kamuulize imamu wako, na utakuta maimamu nao hawasemi neno moja. Ninaloweza kukuambia ni kwamba ni sikukuu ya serikali: Rais Lincoln aliitangaza mwaka 1863 katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, akiwataka watu wamshukuru Mungu, na Bunge likaifunga kwa sheria Alhamisi ya nne mwaka 1941.

Wa halali agiza buchani mapema. Ukialikwa kwa jirani, ulizia vitu viwili ambavyo havionekani kwa macho: mkate wa kujazia bata, maana wengi hutia soseji ya nguruwe, na vile vitamtamu vyeupe laini kama pamba, marshmallow, vinavyowekwa juu ya viazi vitamu. Vina jelatini, mara nyingi ya nguruwe.

Shangazi, mtoto wangu wa miaka mitano anauliza jua limekwenda wapi saa kumi na nusu jioni. Huu ni mwaka wetu wa kwanza huku. (Mama mgeni, Minneapolis)

Pole, mwanangu. Chukua chungwa, lichome kijiti katikati, zima taa zote uache moja. Lizungushe chungwa huku kijiti kimeinama upande mmoja, ncha ya juu ikielekea mbali na taa. Ataona upande wa juu ukiipa taa kisogo: huko ndiko mliko. Dunia imeinama nyuzi 23 na nusu, na majira yote yanatokana na kuinama huko. Asikubali mtu amwambie kuwa jua limesogea mbali. Dunia huwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, barafu ikiwa magotini.

Kwetu karibu na ikweta mchana ni saa kumi na mbili mwaka mzima, ndiyo maana saa yetu inaanza kuhesabu jua linapochomoza. Huko Minneapolis mwishoni mwa Desemba mchana haufiki urefu wa saa tisa. Utasema "saa moja asubuhi" huku nyota zikikutazama. Na Jumapili ya kwanza ya Novemba wamerudisha saa nyuma, jioni ikazidi kukimbia.

Kabla majani hayajaisha, mwokote naye ya kijani yanayokaribia kugeuka. Yakateni vipande vidogo, myaloweke kwenye spiriti (uishike wewe, si yeye, tena mbali na jiko), msimamishe humo ukanda wa karatasi ya kuchujia kahawa. Baada ya saa chache rangi zitapanda: kijani, na juu yake manjano. Manjano ilikuwemo tangu mwanzo, kijani ikiifunika. Mti unapojiandaa kwa baridi unaiacha kijani ife. Nyekundu ni habari nyingine, hiyo mti huitengeneza wakati huuhuu, hasa mchana ukiwa na jua na usiku ukiwa baridi.

Umeuliza pia majira haya tuyaiteje. Kamusi husema vuli, lakini kwa mtu wa Tanga vuli ni mvua. Wanangu wamekata shauri: vuli ya majani.

Sisi tuko Moshi. Watoto wanaiona kwenye televisheni, wanataka nao. Kwetu hakuna kitu kama hicho? (Baba na Mama, Moshi)

Kwenye bara letu hamkosi. Liberia wana Siku ya Shukrani yao, Alhamisi ya kwanza ya Novemba. Rwanda wana Umuganura, Ijumaa ya kwanza ya Agosti, siku ya mavuno, watoto wakipewa maziwa. Na hapo Moshi wapelekeni Jumapili ya mavuno kanisani, mkae hadi mnada.

Mimi nililelewa na minada hiyo. Watu walileta mkungu wa ndizi, debe la mahindi, mayai kwenye kikapu, na baada ya ibada vyote vikauzwa uwanjani kwa kupandishiana bei. Mwaka mmoja baba alitoa jogoo wetu sadaka. Mnada ulipofika kwa jogoo, mdogo wangu akaangua kilio mbele ya kanisa zima. Baba alimtazama, akainua mkono. Mzee wa kanisa aliona pesa hiyo haitapotea, akapandisha bei, na baba akainua tena. Tulirudi nyumbani na jogoo wetu, tumemnunua ghali kuliko bei ya sokoni, na mama hakumsemesha baba hadi Jumanne.