Barua ya Mfunguo Nne

Nilipoanza kuandika historia ya mwambao wetu, familia moja hapa Tanga iliniamini na barua ya babu yao, mfanyabiashara, iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambamo anamlalamikia shemeji yake aliyekuwa Unguja kwamba hawezi kudai madeni yake ya Pangani kwa kuwa njia zimefungwa. Tarehe ilisomeka Mfunguo Nne, 1306. Nikaufanya kuwa mwezi wa nne wa mwaka wa Kiislamu, nikapata Desemba 1888, na juu ya tarehe hiyo nikajenga hoja kwamba biashara ilidhoofika kidogo kidogo tangu kampuni ya Kijerumani ilipoanza kutawala mwambao mwezi Agosti.

Mzee mmoja wa Ngamiani, niliyemsomea rasimu barazani kwake, alinikatiza hapo hapo. Mifunguo huhesabiwa tangu kufungua Ramadhani: Mfunguo Mosi ni Shawali, na Mfunguo Nne ni Muharamu. Barua ile, basi, iliandikwa Septemba 1888 au siku za mwanzo za Oktoba, vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vikiwa vichanga, na biashara ya mtu huyu haikudhoofika bali ilikatika ghafla. Kurasa kumi na moja nilizifuta.

Nakushauri, kwa hiyo, wewe unayeandika historia kwa barua za kale, unakili kwanza tarehe kama mwandishi alivyoiandika, na mlingano wake katika kalenda ya kizungu uuweke pembeni kama kazi yako mwenyewe inayoweza kukosolewa. Kisha uliza nani anamwandikia nani, na anataka nini. Mdai anayemweleza shemeji yake kwa nini hana fedha ana sababu ya kutia chumvi. Barua inathibitisha kwamba alisema njia zimefungwa, na ili kujua kama zilifungwa kweli unahitaji shahidi mwingine asiyemjua.

Shahidi huyo naye ahojiwe. Wajerumani, kwa mfano, waliviita vita vile uasi wa Waarabu, ingawa Bwana Heri wa Saadani na watu wengi wa Mrima, yaani mwambao wa bara, wasiokuwa Waarabu, walipigana pia. Jina hilo lilisaidia kuvionyesha kuwa vita dhidi ya wafanyabiashara ya watumwa, na Januari 1889 bunge la Berlin liliidhinisha maki milioni 2. Ukilichukua jina hilo bila kulipima, umekwisha kubeba hoja ya mtu mwingine.

Katika makala yangu mpya barua ile inabeba sentensi moja tu: kwamba katika Muharamu 1306, mdai mmoja wa Tanga alimwambia shemeji yake kuwa deni la Pangani halidaiki.